Maktaba ya Raimundi Inayokataa Nyimbo za Kwaya

Kwaya ya Kigango,
Ruanda,
Mbinga.
19 Novemba 2012

Ndugu Raimundi Joakim Ndimbo,
Fundi wa Kompyuta,
Dar es Salaam.

Ndugu Raimundi,

YAH: MAKTABA ULIYOTULETEA KUKATAA KUPOKEA NYIMBO TISA ZA KWAYA

Kichwa cha barua kinajieleza, lakini nakufahamu: ujumbe wa simu huwa unasoma mstari wa kwanza, mingine unaiachia simu yenyewe. Kwa hiyo nitaeleza tena, kwa urefu na kwa namba.

Kabla ya namba, ufafanuzi mmoja. Najua mimi ni baba yako mdogo, na kwa kawaida ningekupigia simu nikakusema mpaka salio liishe. Lakini jambo hili limenikuta nikiwa Katibu wa Kwaya, na kamati iliyokaa Jumapili tarehe 11 iliazimia kwamba Katibu amwandikie mhusika barua. Mhusika ni wewe. Basi katika barua hii, mpaka nitakapotia sahihi, usinitazame kama ndugu. Shikamoo yako nitaipokea utakapojibu.

Utakumbuka kwamba siku ya Pasaka ulifika hapa na kompyuta, spika mbili kubwa na shati lenye maua. Ulisimama mbele ya waumini baada ya misa ukasema, nanukuu: "Humu ndani kuna maktaba. Kila wimbo mtakaorekodi utaingia humu, na hautapotea mpaka mwisho wa dunia." Akina mama walipiga vigelegele. Mimi mwenyewe nilitoa machozi kidogo, jambo ambalo sasa nalijutia rasmi.

Utakumbuka pia Mwalimu Bernadi Kinunda, aliyeifundisha kwaya hii miaka thelathini na moja, na aliyekutoa wewe kwenye sauti ya kwanza ukiwa na miaka kumi na miwili akisema unaimba kama debe linaloburutwa. Mwezi wa saba Mwalimu alipata kiharusi. Upande wa kulia umelala na maneno yamekatika. Binti yake Lidia, aliyeolewa Kitura, amemchukua anamuuguza kwake. Wiki moja kabla ya kuugua alikuwa amemaliza kutunga wimbo mpya, ameuandika kwa mkono wake kwenye daftari la mistari, sauti zote nne. Hakuwahi kuusikia ukiimbwa. Mtunzi gani huyo, Raimundi, ambaye wimbo wake anaujua kwa macho tu?

Tukaujifunza bila yeye. Mwezi wa nane tukateremka ziwani, Mbamba Bay, kwenye mkutano wa kwaya saba, na huko mfanyabiashara mmoja muungwana, Bwana Swalehe, akaturekodi kwenye baraza la duka lake kwa kinasa sauti kidogo kama kipande cha sabuni. Nyimbo tisa, na wa Mwalimu ukiwa wa sita. Meli ilipiga honi katikati ya "Amina", lakini ilipiga katika sauti sahihi, tukaiacha. Bwana Swalehe akatuwekea zote kwenye memori kadi na mfuko wa usipa, wale dagaa wa kule, tule njiani. Tulipanda milima kurudi nyumbani tukijiona watu. Mpango ulikuwa mwepesi: nyimbo ziingie kwenye maktaba yako, mashine na spika zipelekwe Kitura, Mwalimu asikie wimbo wake ukiwa hai. Sikio lake limefifia. Tulijaribu kumwekea simu sikioni, akaifukuza kama nzi.

Sasa malalamiko.

1. KUKATAA BILA KUTOA SABABU. Anayeendesha mashine ni Scholastica, mweka hazina wetu, mama wa watoto wawili, aliyemaliza kidato cha nne na ndiye pekee kati yetu asiyeogopa ile mausi. Alichomeka kadi. Nyimbo zikaonekana, tisa, zimejipanga kama waliokuja kupokea kipaimara. Akazipeleka kwenye maktaba, kwani njia nyingine ya kuzipiga kwenye spika hatuijui. Programu ikafunguka, ikazitazama, ikaandika mstari kwa Kiingereza. Scholastica akatafsiri: "Inasema faili halikuongezwa." Nikamuuliza kwa nini. Akasema haijasema kwa nini. Nikamwambia airudie. Alirudia mara kumi na nne, nimeweka alama kwenye daftari. Mara zote kumi na nne ilijibu maneno yale yale.

Ndugu Raimundi, nimekwenda ofisi nyingi katika maisha yangu. Nimeambiwa njoo kesho. Nimeambiwa mhusika yuko semina. Nimeambiwa muhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo amefiwa. Yote hayo ni sababu. Mtu unarudi nyumbani umekasirika, lakini una kitu cha kumsimulia mke wako. Mashine yako ni ofisi ya kwanza kunikatalia pasipo hata kunipa cha kusimulia.

2. YALIYOMO NDANI. Tulidhani labda maktaba ile haipokei wimbo wowote. Tukakuta siyo. Imepokea nyimbo mia nne na kumi na nane, zote zako. Kamati ilizipitia. (Kazi hiyo ilichukua siku tatu na wajumbe waliihudhuria zaidi kuliko kikao chochote tangu niwe Katibu.) Tuligundua nyimbo za mapenzi mia tatu na sita, za kutukanana majirani arobaini, za kujisifia gari ishirini na tano, na nyingine hatukukubaliana zinahusu nini, ingawa Placidi wa besi alisema yeye anajua na hatasema.

Haya yangebaki siri yetu kama Padre asingekuja kwa misa ya mwezi na kuomba kusikia mashine aliyoibariki siku ya Pasaka. Scholastica alibonyeza. Ukaanza ule wimbo wa dada anayemtaka mwanamume arudishe ufunguo wa chumba chake, na anavyodai ule ufunguo, Raimundi, huwezi kufikiri ni ufunguo tu. Padre alisikiliza ubeti wa kwanza amefumba macho. Kisha akauliza, "Huu ni wimbo wa toba?" Nikajibu, "Ndiyo Padre, ila toba yenyewe iko mbele." Nimedanganya nikiwa nimevaa joho la kwaya. Dhambi hiyo nimeiungama kwa jina langu, lakini nimemweleza Padre kwamba sehemu yake ni yako.

Zaidi ya hapo, mke wangu, mama yako mdogo Kunigunda, mwanamke aliyekuwa akipalilia akiimba Bikira Maria, siku hizi anapalilia akidai ufunguo.

3. FOMU. Scholastica aliona kwamba kila wimbo wako una maelezo pembeni: msanii, albamu, aina. Zetu zilikuwa wazi. Tukasema, kumbe! Mashine haijakataa, inataka fomu ijazwe. Nikaitisha kikao.

Kipengele cha "msanii" kilituchukua saa tatu. Mimi nilipendekeza "Kwaya ya Ruanda". Placidi akasema katika wimbo wa pili yeye ndiye anayeanza peke yake, kwa hiyo jina lake litangulie. Mama mmoja wa sauti ya pili akasema kuanza siyo kazi, kazi ni kumaliza, na yeye humaliza pumzi baada ya wote. Ikatolewa hoja kwamba tuandike majina yote ishirini na matatu. Ikapingwa kwamba Pankras wa tenori hakwenda Mbamba Bay, alikuwa amevunjika kidole. Pankras akasema sauti yake ilikwenda. Hapo waliondoka watu wanne, wakarudi wawili.

Kwenye "aina" mashine ina orodha yake ya kuchagua. Tuliipitia yote. Imo miziki ya kila kabila la dunia, hata ule wa watu wanaopiga kelele na kuvunja magitaa, lakini Kwaya Katoliki haimo. Iliyokaribia ni Injili. Wazee wakasema Injili kwa maana ya uimbaji ni ya wale wenzetu wa upande wa pili wa barabara, tukijiandikisha huko watakuja kudai ni washirika wao. Mwisho tuliandika "Nyingine". Nilitia sahihi kwenye muhtasari nikijisikia mnyonge. Miaka thelathini na moja, nyimbo mia mbili, na mbele ya mashine ya Raimundi sisi ni "Nyingine".

Tukajaza. Tukabonyeza. Faili halikuongezwa.

4. SAFARI YA MBINGA NA PENDEKEZO LA KUFUTA ORODHA. Placidi anaendesha lori la makaa ya mawe kule mgodini Ngaka. Alisema ugonjwa wa mashine ni virusi na dawa iko mjini. Basi mwezi wa kumi, lori lake lilipokuwa linakwenda mjini kubadilishwa springi, tukapakia kompyuta. Mimi nilikaa mbele. Kompyuta ilikaa nyuma, imefungwa kwa kanga mbili za mama yako mdogo. Lori lilikuwa tupu, lakini lori la makaa halijawahi kuwa tupu kweli. Tulifika steshenari ya Bi Zamda, mama mwenye asili ya pwani anayechapa barua na kutengeneza kompyuta karibu na soko, nikafungua kanga. Alitazama, akanipa shikamoo, akatazama tena. "Mzee wangu," akasema, "hii ni kompyuta au jiko?"

Aliisafisha kwa brashi ya rangi. Akaiwasha. Akatazama dakika kumi tu, akanieleza kwa upole, nami naandika alivyosema ili usiseme nimeongeza: programu ile haina chuki na kwaya. Ina daftari lake ndani, faili moja dogo linaloandika kila wimbo ulioingia. Hilo daftari limeharibika. Haliandikiki tena, ndiyo maana kipya hakiingii. Dawa yake ni kulifuta. Programu ikifunguliwa haitalikuta, itatengeneza jingine, itapita kwenye folda zote na kuandika upya kila inachokikuta.

"Nyimbo zenyewe hazifutwi, baba," akasema. "Inafutwa orodha tu."

Nikamwambia aondoe mkono kwenye mashine.

Hili naomba ulisome ukiwa umekaa. Mimi nilikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa miaka kumi na tisa. Daftari la wanachama niliandika mwenyewe, wino wa bluu kwa walio hai na mwekundu kwa marehemu. Soko huria lilipoingia, akaja mnunuzi binafsi na gari jeupe, kijana mchangamfu, kalamu tatu mfukoni. Akasema daftari hili limechakaa, linafutwa, orodha itajitengeneza upya, kila mtu atajikuta humo. Waliojikuta ni waliokuwa na habari. Mzee Othmar, aliyepanda mibuni yake mimi sijazaliwa, siku ile alikuwa shambani. Msimu ulipofika alisimama kwenye mizani na gunia begani, akaulizwa yeye ni nani. Ana kahawa begani, Raimundi, anaulizwa yeye ni nani. Alinitazama mimi. Mimi nilikuwa nimesimama pale pembeni, sina daftari, sina kazi, sikusema neno. Amefariki, wala sijui alinisamehe.

Kwa hiyo mtu akiniambia "tunafuta orodha tu", mimi naikalia hiyo orodha. Nyimbo zako mia nne na kumi na nane sizipendi. Ule wa ufunguo ningeuzika kwa mikono yangu. Lakini zimeandikishwa. Nilimwambia Bi Zamda kwamba nikiwa Katibu haufutwi hata mmoja bila mwenyewe kuwepo, na nikarudisha mashine kwenye lori. Alinipigia simu mara mbili baadaye kunisihi. Nilimshukuru kwa adabu zake.

5. FEDHEHA YA KITURA. Tulikuwa tumekwisha kumwahidi Mwalimu Jumapili ya tarehe 4 mwezi huu. Nilitumaini kwamba mashine ikifika mbele yake itaona aibu. Usicheke. Nimewaona watumishi wa serikali wakibadilika mbele ya mgonjwa.

Tulikwenda watu kumi na tisa. Wanne walikuwa zamu Ngaka. Jenereta la kigango lilikwenda kwa pikipiki, spika vichwani, kompyuta nimebeba mwenyewe kama mtoto wa ubatizo. Lidia alikuwa amemnyoa baba yake na kumvalisha shati jeupe. Amekaa uani kwenye kiti cha mikono, blanketi magotini, amekonda mpaka shati linamvaa yeye. Alipotuona tumevaa majoho, jicho la kushoto lilitazama mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Anahesabu. Alijua wanne hawapo.

Jenereta likawashwa, pale nyuma ya meza ya mashine. Scholastica akabonyeza. Sitarudia kuandika kilichotokea, unakijua. Akabonyeza tena, na pale pale, kwa spika zote mbili, uani kwa mgonjwa, dada yule akaanza kudai ufunguo wake.

Nilikimbilia waya. Lakini Lidia akanishika mkono, akaninong'oneza, "Baba mdogo, mtazame." Mkono wa kushoto wa Mwalimu ulikuwa umenyanyuka kutoka kwenye blanketi. Unapiga mapigo. Moja, mbili, tatu, nne, kidole kinamkata yule dada pale anapochelewa. Tangu mwezi wa saba mkono ule ulikuwa haujafanya kitu ila kushika kikombe. Kwaya nzima tulisimama tunalia, na yule mwanamke anadai ufunguo.

Wimbo ulipokwisha likabaki jenereta tu linanguruma. Ndipo mama yako mdogo Kunigunda, ambaye siyo mjumbe wa kamati na alikuja kubeba sufuria, akasema kwa sauti: "Nyie si ndio mnaoimba humo kwenye kadi? Si mfungue midomo?"

Nakiri kwamba wazo hilo halikuwa kwenye ajenda. Tulitazamana. Placidi aliuliza kama tuna kibali. Katika mipango yote, majoho, pikipiki, petroli, kanga, hakuna hata mmoja kati ya watu kumi na tisa aliyekumbuka kwamba sisi ndio kwaya.

Tukaimba. Wimbo wake ule wa sita. Ubeti wa kwanza ulikwenda. Kwenye ubeti wa pili Mwalimu alinyanyua mkono, uso umejikunja, machozi yanashuka upande mmoja, akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye meza ya mashine. Akakitikisa. Tukanyamaza. Kidole kikabaki pale pale.

Maana yake ilikuwa wazi. Hakutaka uimbaji wetu wa watu kumi na tisa, umepungukiwa besi mbili. Alitaka ule wa Mbamba Bay, kamili, uliomo kwenye kadi. Mgonjwa ameomba kitu kimoja duniani, na maktaba yako inamnyima. Tuliondoka kwa vichwa vilivyoinama. Mama yako mdogo peke yake aliondoka amekiinua chake.

Kutokana na hayo, na kwa kuwa tumevumilia, kamati inataka yafuatayo:

(a) Ufike mwenyewe kabla ya tarehe 8 Desemba, uisemeshe maktaba yako kwa lugha inayoielewa, ipokee nyimbo tisa bila kupoteza hata moja kati ya zile mia nne na kumi na nane.

(b) Uombe radhi kwa maandishi. Barua itasomwa baada ya matangazo, kabla ya baraka, watu wakiwa bado wamekaa.

(c) Tumepata habari kwamba unafunga ndoa hapa kigangoni siku chache baada ya Noeli, na umeomba kwaya. Maombi yako yamepokelewa, yametazamwa, na hayakuongezwa. Ukiuliza sababu, hatutoi.

(d) Hili limeongezwa na wazee wa ukoo, mimi nikiwemo, nikiwa nimevua kofia ya Katibu na kuvaa nyingine. Ukoo wa Ndimbo nao una orodha yake. Ni ya zamani, imejaa, na tumeridhika na waliomo. Mchumba wako, ambaye tunaambiwa ni msichana mwenye heshima na sisi hatuna sababu ya kubisha, ni jina jipya. Mpaka maktaba yako itakapojifunza kupokea wageni, na sisi tunasitisha kupokea. Mahari, barua ya posa na mbuzi vitarudishwa kwenye folda vilikotoka. Mama yako amelia kusikia haya. Nimemwambia ajaze fomu.

Nashukuru kwa muda wako, ambao najua ni mwingi kwa kuwa hujibu simu. Msalimie mwenye nyumba wako, wafanyakazi wenzako, na yule jirani aliyenipokea kituo cha basi mwaka juzi ulipochelewa. Huku wote wazima. Mibuni imechanua vizuri. Dada yako Hyasinta amejifungua mtoto wa kike. Pankras kidole kimepona.

Ni mimi niliyeagizwa kukasirika,

Protasi Ndimbo
KATIBU WA KWAYA
(na baba yako mdogo, kuanzia hapa)

Nakala: Padre, Mwenyekiti wa Kigango, Mama yako, Bwana Swalehe, Mbamba Bay, kwa taarifa.

NYONGEZA, 27 Novemba. Mvua ilikata barabara na barua hii imekaa mfukoni mwangu siku nane. Katika siku hizo mama yako mdogo na Scholastica walichukua kompyuta bila idhini ya kamati, wakaipeleka kwa Bi Zamda kwa miguu, kichwani, kwa njia ya mlimani, wakamwambia afute. Akafuta. Ilichukua dakika nne. Nimehesabu mwenyewe, kwa kidole, siku nzima: zako mia nne na kumi na nane, zetu tisa, jumla mia nne ishirini na saba. Hakuna aliyeulizwa yeye ni nani. Bi Zamda anasema daftari lile huharibika mtu akikata umeme wakati programu bado inaandika. Anayezima jenereta hapa kila siku, wimbo wa mwisho ukiisha tu, ili petroli isipotee, ni mimi.

Jumapili iliyopita tukaipeleka mashine Kitura. Mwalimu sasa anatoa neno moja moja. Alizisikiliza zote tisa, hata wake wa sita, mpaka honi ya meli. Akasema, "Besi." Akapumzika. Akasema, "Chini." Placidi akatazama miguu yake. Kisha akanyoosha kidole kwenye meza kama ile siku, akasema, "Jenereta." Akasema, "Kelele." Kumbe siku ile alikuwa analia kwa hasira, wimbo wake unaimbwa mbele yake kwa mara ya kwanza na sisi tumemwashia mashine ya kusaga sikioni. Tukalizima. Tukaimba, sasa tukiwa ishirini na watatu. Alituacha tukafika mwisho. Akasema, "Tena." Tulirudia mara sita, Raimundi, na mara ya sita alifumba macho na mkono ukabaki hewani baada ya sauti kwisha.

Alipoufungua mdomo tena alisema, "Zile futeni." Scholastica amezifuta zote tisa. Kuanzia sasa, kila Alhamisi tutakuwa tunakwenda Kitura kufundishwa.

Kwa hiyo namba moja hadi tano zichukuliwe kuwa hazipo. Herufi (a) mpaka (d) pia. Mlete binti wa watu, ukoo unamsubiri, na kwaya itaimba. Barua hii haina tena kazi yoyote, ila naituma, kwa kuwa stempu nimekwisha kuibandika na nimejaribu kuibandua kwa mvuke wa chai, imegoma.